Usiulize Gemu Limetengenezwa na Watu Wangapi

Desemba 2025, kwenye hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles, gemu la Kifaransa liitwalo Clair Obscur: Expedition 33 lilizoa tuzo 9 usiku mmoja. Ile ya Gemu Bora la Mwaka haikumshangaza mtu. Iliyozua maneno ni tuzo ya gemu bora la kujitegemea, yaani yale magemu ambayo wachezaji huyaita indie. Waliolalamika walikuwa na hoja inayoeleweka: gemu lenye sauti za waigizaji wa filamu kama Charlie Cox na Andy Serkis, lenye picha za kushindana na za makampuni makubwa, lenye mchapishaji nyuma yake, yaani kampuni ya kulifadhili na kulisambaza, linawekwaje kwenye kapu moja na kazi ya watu watatu au wanne? Siku chache baadaye waandaaji wa tuzo nyingine kabisa, Indie Game Awards, walilipa gemu hilohilo ushindi kisha wakaufuta, kwa kuwa akili mnemba ilitumika wakati wa kulitengeneza. Tuzo yao kubwa ikaenda kwa Blue Prince. Tangu hapo kila mpenda magemu ana mizani yake ya kupimia nani ni indie na nani amejipachika jina.

Kwa maoni yangu, karibu mizani zote hizo zinapima kitu kisichomhusu mchezaji. Tumeligeuza swali la indie kuwa swali la ukubwa: studio ina watu wangapi, bajeti ni kiasi gani, nani kasaini hundi. Kinachoyafanya magemu haya yastahili muda wako ni jambo jingine. Mengi yake yamejengwa juu ya wazo moja tu, na waliolibuni wazo hilo wamepata nafasi ya kulifikisha mwisho bila bosi wa kuwaambia walilainishe. Ukilielewa hilo, ubishi wa tuzo unabaki kuwa ubishi wa wanaogawana vikombe, na wewe unabaki na swali lenye faida zaidi: gemu hili lina wazo gani, na je, mashine yangu, bando langu na lugha yangu vinaniruhusu kulifikia?

Turudi nyuma kidogo. Zamani gemu liliuzwa ndani ya boksi, na nafasi kwenye rafu za duka ilikuwa chache. Aliyekuwa na hela ya kuchapa diski, kuzisambaza na kulipia matangazo ndiye aliyeamua gemu gani lifike sokoni. Mwaka 2005 duka la Steam lilianza kuuza kwa mtandao magemu ya watu wengine, mwaka 2008 Apple ikafungua duka lake la programu za simu, na katika miaka hiyohiyo zana za kutengenezea magemu, Unity ikiwemo, zikawa za bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Mlinzi wa geti akapoteza funguo. Markus Persson alianza kuuza Minecraft mwaka 2009 ikiwa haijakamilika, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Kuanzia siku hiyo neno indie halikuweza tena kumaanisha "mdogo" bila kuleta utata, na Expedition 33 haikuuanzisha utata huo. Mwaka 2023 gemu la Dave the Diver liliteuliwa kuwania tuzo ya gemu la kujitegemea wakati lilitoka kwenye tawi la Nexon, kampuni kubwa iliyoanzia Korea Kusini.

Wanaotaka kipimo cha fedha wana haki upande mmoja. Tuzo ni tangazo, na tangazo hilo lina thamani kubwa kwa studio ya watu wawili kuliko kwa studio yenye mchapishaji anayeweza kulipia mabango. Ukimchukua mwenye nacho ukampa nafasi iliyotengwa kwa asiye nacho, umevunja maana ya kuitenga. Hoja hiyo naikubali. Wapo wanaosema kipimo kiwe umiliki: indie ni yule asiye na mwajiri juu yake. Ni kipimo safi kwenye karatasi, ila kinatuletea studio ya Larian, waliotengeneza gemu la Baldur's Gate 3 wakiwa na mamia ya wafanyakazi, wanaojichapishia wenyewe na hawana bosi. Kwa kipimo hicho Larian ni indie, halafu gemu la mtu mmoja aliyesaini na mchapishaji linatolewa nje. Mizani zote mbili zina ukweli wake na zote mbili zinavuja.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia zaidi huku kwetu: kwamba indie ni magemu ya kujishikiza, ya mtu ambaye hana PlayStation 5 wala kompyuta ya maana, kama anayekula ugali kwa chumvi akisubiri siku ya nyama. Anayesema hivyo anapima gemu kwa picha zake. Hebu tuchukue mfano mmoja na tuufungue mpaka ndani.

Balatro ilitoka Februari 2024. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja wa Kanada asiyetaja jina lake halisi, anajiita LocalThunk. Ni gemu la karata. Unashika karata 8, unachagua zisizozidi 5, unatengeneza jozi, au tatu za namba moja, au tano za aina moja, ziwe shupaza, kopa, uru au pau. Jozi inaanza na pointi 10 na kizidishi cha 2. Ukiweka jozi ya ree, kila ree inaongeza 11, zinakuwa 32; mara 2 unapata 64. Hatua ya kwanza inakudai pointi 300 na una nafasi 4 za kucheza. Hata ungepata jozi nne za ree, ambazo pakiti ya kawaida haina, zingekupa 256 tu. Hujafika. Sasa tuseme unalo Joka (joker) moja la kawaida, yale yanayouzwa kwenye duka la ndani ya gemu, linaloongeza 4 kwenye kizidishi. Jozi ileile ya ree ingekuwa 32 mara 6, yaani 192, na mbili tu zingekuvusha. Majoka yapo 150, kila moja lina sheria yake, na unaruhusiwa kushika 5. Gemu zima ni kutafuta majoka gani yakikaa pamoja yanafanya hesabu ipasuke kutoka mamia hadi mamilioni. Hakuna picha za kutisha, hakuna hadithi, na kufikia Januari 2025 nakala zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimeuzwa. Gemu hili halikosi kitu ambacho dola milioni 100 zingekiongeza.

Nilimpa mjomba wangu simu yenye Balatro. Ni mzee wa karata za barazani, Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Swali lake la kwanza lilikuwa "ree hapa ni ngapi?" Nikamwambia 11. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu kwao pia ree ni 11. Alipoona saba inahesabiwa 7 wakati yeye amezoea saba kuwa 10, akanuna kama aliyedhulumiwa, kisha akaendelea kwa saa nzima. Niseme pia kwa wazazi wenye wasiwasi wa kubeti, na kwa hali ilivyo mitaani wasiwasi huo ni wa haki: ndani ya Balatro hakuna pesa ya kuweka wala ya kutoa. Wapangaji wa umri wa Ulaya, PEGI, waliiwekea alama ya miaka 18 kwa sababu ya sura yake ya poka, na Februari 2025 wakaishusha hadi 12. Ambaye hapendi hata majina ya poka, na wapo kwa sababu za dini, nitamwelekeza kwingine sasa hivi.

Kwingine huko ni Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, gemu la mafumbo lililotoka 2019. Mswahili anacheka akiliona jina, maana Baba ni kijinyama cheupe. Kwenye skrini kuna maneno yaliyokaa kama matofali: BABA, IS, YOU yamepangwa mstari mmoja, ndiyo maana wewe ni Baba. Pembeni kuna WALL, IS, STOP, ndiyo maana ukuta unakuzuia. Ukilisukuma neno STOP likatoka kwenye mstari, ukuta unakuwa picha tu na unapita katikati yake. Ukilileta neno WALL mahali pa BABA, wewe sasa ni ukuta, kuta zote kwa pamoja, na Baba amebaki kitu cha kawaida kilichosimama. Mtoto akishajua maana ya maneno machache hayo anaweza kuendelea mpaka yatakapomshinda mafumbo yenyewe, na yanashinda hata wahandisi. Sijaona kitabu cha hisabati kinachofundisha kwa haraka namna hii kwamba sheria ni kitu kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kupangwa upya.

Kwa anayetaka hadithi, Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013. Wewe ni afisa uhamiaji kwenye mpaka wa nchi ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982. Unakaa kwenye kibanda, unaita anayefuata, unalinganisha picha na sura, tarehe na kalenda, muhuri na kitabu cha kanuni. Unalipwa kwa kila mtu uliyemhudumia sawasawa, na jioni unagawanya hela hiyo kati ya kodi ya nyumba, chakula na joto kwa familia yako. Anakuja mwanamume, hati zake ziko sawa, unagonga muhuri. Anakuambia mke wangu ananifuata nyuma, tafadhali mtendee wema. Anakuja mke. Hana kibali cha kuingia. Kidole chako kiko juu ya muhuri mwekundu, na mtoto wako nyumbani anaumwa. Yeyote aliyewahi kupanga foleni Namanga au Tunduma akiwa na karatasi iliyopungukiwa saini moja anaijua hali hiyo kwa upande wa dirisha la nje. Gemu hili linakukalisha ndani, linakulipa kidogo, na linakuonyesha mtu mwema anavyogeuka kuwa mkali bila hata kukusudia. Studio kubwa yenye wanahisa ingemwambia Pope kwamba hakuna anayetaka kununua kazi ya kugonga mihuri. Mamilioni ya watu wamelinunua.

Wapenda mipango ya miji wanisikilize. Studio ya Dinosaur Polo Club ya New Zealand ina gemu linaloitwa Mini Motorways, na moja ya ramani zake ni Dar es Salaam. Ndiyo, Dar es Salaam yenyewe. Nyumba za rangi zinaota hapa na pale, majengo ya rangi hizohizo yanaota mbali nazo, na kazi yako ni kuchora barabara ili magari yafike. Kila wiki unapewa vipande vya barabara na unachagua nyongeza: daraja, taa, kipilefti, au barabara kuu ya kuruka juu ya mengine. Mwanzoni unaunganisha kila kitu na kila kitu, unajiona fundi. Wiki chache baadaye makutano moja uliyoyachora bila kufikiri yanabeba rangi nne, foleni inarudi nyuma hadi mlangoni kwa watu, jengo moja linazidiwa na mchezo unaisha. Wakazi wa Dar tumeshuhudia flaiova ya Mfugale pale TAZARA mwaka 2018 na ile ya Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na kila mmoja wetu ana nadharia yake ya kumaliza foleni. Gemu hili linakupa nafasi ya kuijaribu nadharia hiyo na kuona inapokwama. Kasoro yake ni kwamba halipo kwenye Android. Wenye simu hizo wachukue Mini Metro ya studio hiyohiyo, ya treni.

Mengine nitayapitia haraka, si kwa kuyadharau. Stardew Valley ni kilimo: Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, michoro, muziki na yote, akaitoa 2016, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 40. Inafaa kwa anayetaka kutulia baada ya kazi. Vampire Survivors ni vita unayopigana kwa kidole kimoja, silaha zinajifyatua zenyewe na wewe unakwepa tu. Kwenye simu ni bure, na mwaka 2023 ilichukua tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya gemu bora mbele ya gemu kubwa la Elden Ring. Mcheza drafti au bao atapenda Into the Breach: ubao wa 8 kwa 8, adui anakuonyesha kabla atapiga wapi, na ukishindwa huna wa kumlaumu. Celeste ni ya kuruka na kupanda mlima, ngumu kwelikweli, lakini ina sehemu ya kujipunguzia ugumu bila kukuaibisha. Hollow Knight ya Team Cherry wa Adelaide ni ya kutangatanga na kupigana chini ya ardhi, na mwendelezo wake, Silksong, ulipotoka Septemba 4, 2025 kwa dola 20, maduka ya mtandaoni yalizidiwa. Studio nyingine ndogo ziliahirisha magemu yao kulikwepa gemu hilo. Disco Elysium ni kazi kubwa, ila ina maneno zaidi ya milioni moja ya Kiingereza kizito. Sitampa mtu aanze nayo.

Hoja yenye uzito dhidi yangu ni hii: nimetaja walioshinda. Mwaka 2024 peke yake Steam ilipokea magemu mapya zaidi ya 18,000, na mengi mno yalichezwa na watu wachache tu. Uhuru wa kufikisha wazo mwisho haukupi mnunuzi. Hilo ni kweli, na ndilo lililopaswa kuwa kiini cha mjadala wa tuzo. Among Us ilitoka katikati ya 2018 na ikakaa karibu bila wachezaji mpaka 2020, watu wanaorusha michezo yao mtandaoni walipoiokota. Gemu lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alimwambia mwingine. Geti la zamani lilikuwa rafu ya duka. La sasa ni kuonekana. Tuzo ya kujitegemea ina maana pale tu inapomwonyesha mtu gemu ambalo asingelikuta, na kwa kipimo hicho Expedition 33, iliyokuwa tayari midomoni mwa kila mtu, haikuihitaji. Nawapinga walalamikaji katika sababu zao, si katika hitimisho lao.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Bei za Steam tunaziona kwa dola, na bando linaisha. Expedition 33 inataka nafasi ya gigabaiti 55. Balatro na Papers, Please zinaingia kwenye megabaiti mia moja na kitu, na laptopu ya ofisini inazibeba. Kijana aliyekulia kwenye banda la gemu akilipia dakika za FIFA hajui kama haya yapo, na hatajua kwa kusoma orodha za Kimarekani zilizoandikiwa watu wenye mashine za dola elfu mbili. Kabla ya kununua, angalia ukubwa, angalia kama kuna maneno mengi, na kumbuka kwamba Steam inarudisha hela ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza zaidi ya saa 2.

Kisha kuna Tales of Kenzera: Zau. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alifiwa na baba yake, na kutokana na msiba huo studio yake ya Surgent ikatengeneza gemu la kijana mganga, Zau, anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe Baba. Lilitoka Aprili 2024, likichapishwa na EA, kampuni kubwa ya magemu ya Marekani, kupitia mpango wake wa studio za nje, kwa hiyo kwa wenye mizani za fedha si indie hata kidogo. Lina kasoro: vita vyake vinajirudia, na njia nyingine ni ndefu bila sababu. Lakini ingia kwenye mipangilio, chagua Kiswahili, na gemu zima linaanza kuongea nawe. Si maandishi, ni sauti. Kijana anamwita baba yake Baba na hakuna tafsiri katikati. Miezi michache baada ya kutoka, studio ilianza kupunguza watu. Mauzo hayakutosha.

Najiuliza ni wangapi kati ya wasemaji wa Kiswahili wenye kompyuta au mashine ya kulichezesha waliwahi kuambiwa kwa Kiswahili kwamba gemu hilo lipo. Vijana wa Nairobi, Dar na Kampala wanaotengeneza magemu yao wanasubiri bajeti wakati Celeste ilianza kama jaribio la siku nne kwenye skrini ya pikseli 128 kwa 128, na Baba Is You ilizaliwa kwenye shindano la siku chache. Wazo wanaweza kulipata wiki hii. Atakayelicheza na kumwambia jirani ndiye bado hajapatikana. Mjomba wangu ameshamwonyesha Balatro mwenzake wa barazani, na jana walikuwa wawili wanabishana juu ya saba.